Mwandishi Niliyemshona Mwenyewe

Kama Jumamosi iliyopita gazeti lilikupita, usihangaike kulitafuta. Mambo yangu yanasimuliwa kwa dakika moja.

Nina jarida la hadithi la mtandaoni. Halina ofisi wala tajiri nyuma yake. Lina mimi, wasomaji watatu wa kujitolea, na kundi la waandishi zaidi ya mia tatu kwenye simu.

Hadithi ikija, mimi natoa jina, naipa namba, nawapelekea wale watatu. Wanaisoma bila kujua ni ya nani. Kila mmoja anajibu ndiyo, hapana, au labda. Kwenye ukurasa wetu wa kwanza tumeandika: Jina haliingii chumbani.

Kanuni ya pili hatukuiandika, maana tuliona haina haja. Anayeyatoa majina haleti hadithi yake mwenyewe.

Mimi nilileta. Mara tano.

Ya kwanza ilikuwa kuziba pengo tu. Toleo lilipungukiwa hadithi moja, zimebaki siku mbili. Nikaandika moja kwa jina la kubuni, Fundi wa Ngazini, mama mtu mzima anayeshona nguo chini ya ngazi za jengo fulani. Nikaipa namba arobaini na moja. Nikaituma kama zingine.

Wote watatu walisema ndiyo. Mwalimu Nukta, msomaji wetu mkali, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kusamehe sentensi isiyofungwa, aliongeza mstari mmoja: "Huyu ni nani? Mwambieni asiache."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisiache kitu chochote.

Hayo ya kufukuzwa kazi kiwanda cha uchapaji, na ya mchumba aliyeondoka na kompyuta yangu yenye matoleo mawili ndani, mmeshayasoma. Siyarudii.

Simulizi tuliiachia siku ya mkutano wetu wa kwanza wa ana kwa ana, chumba cha juu cha maktaba ya mtaa, saa nane mchana. Watu arobaini, viti vya plastiki, chupa tatu za chai. Mwalimu Nukta alisimama akasema, "Jamani, Fundi wa Ngazini tumempata. Yuko nje ya mlango huu."

Kati ya watu arobaini, mimi peke yangu nilijua kwamba nje ya mlango ule hakuwezi kuwa na mtu.

Mlango ukafunguka.

Akaingia shangazi yangu.

Alivaa gauni lake la bluu la kazini. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Husahau kuivua, huenda nayo hadi sokoni.

Watu wakasimama. Makofi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Hata tepu kaja nayo!"

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikaendelea kukishika. Nilingoja nishtuke. Sikushtuka. Ilikuwa kama unapokalia mguu muda mrefu, ukaugusa, ukaona ni mguu wa mtu mwingine.

Nyuma ya shangazi alisimama Kinyozi, msomaji wetu wa pili, anayesoma hadithi zetu kati ya kichwa na kichwa. Alitabasamu kama aliyeleta bibi harusi.

"Nilikwenda kupunguza suruali," akasema. "Suruali tu! Nimekaa kwenye kistuli, natazama juu, naona ngazi. Natazama pembeni, naona cherehani, gurudumu limefungwa waya. Nageuka, naona nguo zimetundikwa, kila moja na kikaratasi chake cha namba, wenyewe hawakurudi kuzichukua. Yote kama kwenye hadithi! Jamani, nywele zilinisimama. Mimi, kinyozi!"

Wakacheka.

"Nikatoa simu, nikamsomea hadithi ya kwanza. Alikuwa anapiga pindo, akaacha. Nikamsomea ya pili. Akaniambia, 'Hayo ni yangu.' Hivyo tu. 'Hayo ni yangu.'"

Na yalikuwa yake. Hapo ndipo palipokuwa na aibu yangu yote. Bwana harusi aliyeshonewa suruali mguu mmoja mrefu, mama aliyeleta koti la marehemu lipunguzwe limfae mwanawe, yote alinisimulia shangazi, mimi nikiwa sakafuni nachambua vifungo. Hata utaratibu wa namba za jarida niliuchukua kwenye vikaratasi vyake.

Mwalimu Nukta alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mama, karibu nyumbani." Kisha akanivuta mbele. "Na huyu ndiye mhariri wetu. Najua hamjawahi kuonana, mmeandikiana tu."

Shangazi akanitazama.

Huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, baba na mama walipokufa katika ajali moja. Nimelala naye kitanda kimoja hadi darasa la tano. Asubuhi ile ile aliniuliza kama nimekunywa chai. Wateja wakimuuliza, "Huyu binti ni wako?" hujibu kabla swali halijaisha: "Wa kaka yangu."

"Aa, mhariri," akasema. "Mdogo hivi?"

"Shikamoo, shangazi." Lilinitoka tu.

Hakuna aliyeshangaa. Mwanamke wa umri ule, nani asingemwita shangazi?

"Marahaba. Mbona umekonda? Hawakulishi hawa?"

Chumba kizima kikacheka. Akanipita, akaenda kukaa kiti cha mbele, akaweka mkoba mapajani. Hakugeuka tena.

Mfukoni nilikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeiandika wiki tatu, nikaifuta, nikaiandika tena. Ilianza hivi: "Fundi wa Ngazini ni mimi. Naomba radhi." Nilikuja nayo nikiwa nimekata shauri kuisoma kabla ya chai.

Sasa nikiisoma, nitakuwa nimemwita shangazi yangu mwongo mbele ya watu arobaini.

Nikaiacha mfukoni.

Msichana mmoja akasimama kutoka safu ya nyuma. Ni yule dada wa duka la dawa. Ametuletea hadithi tisa, zote zimekataliwa, na kila tukimkataa anaandika "asanteni sana". Alikuwa akilia hata kabla hajafika mbele.

"Fundi," akasema, "naomba nikukumbatie."

Shangazi akasimama, akamkumbatia. Hakujua kwa nini.

"Barua zako ndizo zimenifikisha leo. Ile ya mwisho naitembeza kwenye mkoba. Uliniambia nisirudi kwa yule mwanamume. Sikurudi, Fundi. Wiki ya sita hii."

Barua zile niliandika mimi, kwa jina la Fundi. Nilijiambia ninamfariji. Yeye aliuliza mama mtu mzima aliyeona mengi, akajibiwa na msichana ambaye hata mchumba wake alimwacha kwa ujumbe wa maneno manne.

"Sasa ananitafuta," dada akasema. "Amekuja dukani mara mbili. Nifanye nini?"

Shangazi alinitazama kwa juu ya bega la yule msichana. Mara moja tu. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu aliyepewa kitambaa asichokijua, anatafuta upande wa mbele.

Nikaangalia pembeni.

"Unalala wapi?" shangazi akamuuliza.

"Kwa dada yangu."

"Dada yako ana mume?"

"Anaye. Dereva wa lori."

"Mkubwa?"

"Mkubwa sana."

"Basi kaa huko huko. Na kesho huyo shemeji akusindikize kazini, akae kidogo dukani, anunue hata dawa ya mafua. Asiseme kitu. Akae tu."

Dada wa duka la dawa akacheka huku anafuta kamasi. Watu wakacheka naye. Mwalimu Nukta alikuwa anaandika kwenye kijitabu chake.

Mimi katika barua zangu sita nilimwandikia juu ya thamani ya nafsi. Sikuwahi kumuuliza analala wapi.

Basi nikafikiri tumevuka. Watamwagia sifa, atakunywa chai, ataondoka, nami nitajua la kufanya nyumbani.

Mwalimu Nukta akagonga meza.

"Kuna jambo moja linaniuma," akasema. "Kwenye kundi kuna maneno ya chini chini. Kwamba mhariri ana watu wake. Kwamba namba ni mchezo wa kuigiza, majina yanajulikana."

Baadhi ya watu walitazama viatu vyao.

"Mimi namjua binti huyu. Ni mwaminifu hadi anakera. Aliwahi kukataa hadithi ya mwenye nyumba wake, akahamishwa chumba." Kweli, hilo lilitokea, kabla sijarudi kuishi kwa shangazi. "Kwa hiyo leo, mbele ya wote, tufungue daftari la namba. Tusome. Namba fulani, mtu fulani. Tumalize maneno."

Akaninyooshea mkono.

Daftari lilikuwa kwenye begi langu. Ni daftari la kawaida, mistari ya bluu. Kila namba ina jina mbele yake kwa mwandiko wangu.

Mbele ya arobaini na moja, hamsini na nane, sabini na tatu, tisini, na mia na kumi na mbili, sikuandika Fundi wa Ngazini. Niliandika "mimi".

Msiniulize kwa nini. Niliweza kuwadanganya watu mia tatu, daftari sikuweza. Kila mara kalamu ilifika pale ikaandika "mimi", kwa herufi ndogo, kama mtu anayejibu mlangoni.

"Lete, binti," Nukta akasema kwa upole. Alidhani ninaona haya. Alidhani ananipa heshima.

Nilitoa daftari kwenye begi. Mikono ilikuwa haitetemeki hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nikawaza: sawa, na liishe.

"Ngojeni," shangazi akasema.

Wote wakageuka.

"Mwalimu, suruali hiyo uliyovaa nani alikushonea?"

Nukta akajitazama. "Fundi mmoja, karibu na posta."

"Alikupima kiuno?"

"Alinipima."

"Ngapi?"

Kinyozi akaangua kicheko kwanza. Nukta alijishika mkanda. "Mama, hilo ni…"

"Unaona? Mimi nina daftari la vipimo miaka thelathini na moja. Vya mama wa mwenye jengo, vya mchungaji wa nafsi za watu, vya binti aliyekuja kupanuliwa gauni la harusi siku nne kabla. Havijawahi kusomwa mbele ya mtu wa pili. Mtu amekupa kipimo chake kwa kukuamini. Humu ndani wako waliokataliwa, na hakuna anayejua kama walikataliwa. Leo uwasome majina?"

Dada wa duka la dawa aliinamisha kichwa. Wengine kama kumi hivi wakafanya vile vile.

"Mnayemshuku ni mmoja," shangazi akasema. "Mtawavua nguo wote?"

Nukta akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Akafuta mstari kwenye kijitabu chake.

"Nimekosea," akasema. "Rudisha daftari, binti."

Nikalirudisha kwenye begi. Jarida langu lilikuwa limeokolewa na mtu ambaye hakuwahi kulisoma. Nilipaswa kufurahi, au kulia, au angalau kuvuta pumzi. Nilifunga zipu ya begi. Nikaona meno mawili ya zipu yameachana. Nikawaza kwamba shangazi atayabana kwa koleo.

"Basi tusikie hadithi," Kinyozi akasema. "Ile mpya! Mama, ile ya 'Kitambaa Kilichobaki'. Hiyo sikukusomea siku ile, mteja aliingia."

Nilikuwa nimeisahau. Naapa, katika mambo yote ya siku ile, hilo nililisahau.

"Macho yangu ni ya tundu la sindano tu," shangazi akasema. "Asome mhariri."

Alisema kama mtu anayenipa nafasi ya kupumua. Hakujua kilichomo.

Niwaeleze ninyi, maana pale sikuweza kumweleza yeye. Hadithi nne za kwanza zilikuwa zake. Ya tano niliitunga.

Kwenye boksi la vipande vya vitambaa, chini kabisa, kuna kigauni cha kichanga. Michirizi ya kijani, mkono mmoja umeshonwa, wa pili hapana. Kila nguo isiyochukuliwa pale ina kikaratasi cha namba na jina la mwenyewe. Hicho peke yake hakina. Nilikiona mwaka jana nikitafuta lesi. Nikakirudisha. Usiku wake kikaniingia kichwani, nikajiuliza fundi anaweza kumshonea nani nguo asiyoiandikia jina.

Nikatunga kwamba fundi, akiwa na miaka ishirini, alizaa mtoto wa kike bila mume. Akamfunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja. Akampeleka stendi, akampa mwanamke msafiri aliyekuwa anapanda basi la alfajiri, akarudi kazini saa mbili kamili.

Niliona ni kazi yangu bora. Niliona hiyo ndiyo hadithi ambayo ni yangu kweli.

Nikasimama. Nikasoma.

"'Mteja alileta mita tatu,'" nikasoma, "'na gauni lake lilikula mbili na nusu. Nusu mita iliyobaki hakuuliza. Nami sikumkumbusha, kwa sababu miezi saba ilikuwa imetimia na sikuwa na kitu cha kumvisha.'"

Nilitazama juu. Shangazi alikuwa anaizungusha tepu kwenye kidole chake cha shahada, polepole, kama anavyofanya akingoja pasi ipate moto.

"'Nilishona mkono wa kulia. Wa kushoto sikuwahi, akaja kabla ya siku zake.'"

Tepu ikasimama.

Niliendelea kusoma. Hilo siwezi kulielezea. Niliona uso wake unabadilika, nikaendelea kusoma, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Nikafika mahali mtoto anapofumbua macho. Nikafika kwenye kitambaa cha michirizi ya kijani.

"Inatosha," shangazi akasema.

Alikuwa amesimama. Mkoba wake ulianguka, vifungo viwili vikabingirika hadi chini ya meza. Hakuviokota. Shangazi yangu hakuokota vifungo.

"Cherehani nimeiacha wazi," akasema. Akatoka.

Halafu Kinyozi akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wengi wakilia. Walidhani wameona mwandishi anayeguswa na maneno yake mwenyewe.

Nilipokuwa nakusanya vikombe, Mwalimu Nukta alinijia.

"Nikuambie ukweli, binti. Nilikuwa na wasiwasi. Kuna wakati nilidhani Fundi ni wewe."

Kikombe kilikuwa mkononi. Karatasi ilikuwa mfukoni. Hapakuwa na mtu mwingine karibu. Nafasi nzuri kuliko hiyo sitaipata tena maishani.

"Halafu nikasema, hapana," akaendelea. "Binti yule hawezi." Akanipigapiga bega, akaenda kutafuta kofia yake.

Sikujua kama hilo lilikuwa la uaminifu wangu au la uandishi wangu. Sikuuliza.

Nilifika kwenye ngazi saa kumi na moja jioni. Juu, kliniki ya meno ilikuwa bado wazi, mashine yao inazomea. Shangazi alikuwa kwenye cherehani, anashona. Nilitazama chini ya sindano. Hapakuwa na kitambaa. Alikuwa anakanyaga tu.

"Shangazi."

"Kaa. Unanizibia mwanga."

Nikakaa kwenye kistuli cha wateja.

"Kinyozi aliponisomea," akasema bila kugeuka, "sentensi ya tatu nikajua ni wewe. Nani mwingine anajua habari za mguu mrefu wa bwana harusi? Nikamwambia ni yangu. Akaniambia watu wanaulizana kama huyo Fundi yupo kweli, na asipokuwepo jarida limekwisha. Nikasema, mtoto huyu amefukuzwa kazi, ameachwa, amebaki na hicho tu. Nikavaa viatu nikaja."

"Nisamehe."

"Ungeomba tu. Ungeniambia, shangazi, nataka kuyaandika. Ningekataa? Ningekuongezea mengine."

"Niliona haya."

"Uliona haya kuniomba mimi, hukuona haya kuwapa watu mia tatu."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama vifungo ni vinne au vitano. Ndiyo maana hadi leo naisikia.

Nikatoa simu. "Nitawaambia. Sasa hivi. Nimeshaandika." Nilimwonyesha. Ujumbe ulikuwa tayari kwenye kundi, unangoja kidole tu. "Nitasema Fundi wa Ngazini hayupo. Nitasema yote nimetunga, wewe ulikuja kunisitiri. Jarida life. Si kitu."

"Usitume."

"Shangazi, wanadhani yote yale yamekupata wewe. Hata la mtoto. Wanakusema huko kwenye kundi sasa hivi. Wanakuonea huruma kwa jambo ambalo halipo!"

Akaacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka kidogo peke yake, waya ukagonga, likasimama.

"Ukiwaambia ni uongo," akasema, "na hilo la mtoto litakuwa uongo."

"Si ndivyo? Nililitunga mwenyewe."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu aliyeniambia. Niliona kigauni kwenye boksi. Mengine nimeyatoa kichwani. Naapa."

"Mkono wa kushoto?"

"Haukushonwa. Nikawaza labda mtoto aliwahi."

"Nusu mita?"

"Nilikisia tu, kwa ukubwa wa kile kigauni. Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha kukisia kitambaa."

Alivua miwani. Akaifuta kwa pindo la gauni, upande mmoja, upande wa pili, akairudia upande wa kwanza. Kisha akainuka, akaenda kwenye boksi la vipande, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko bila kutazama, kama mtu anayejua kitu kiko wapi. Akatoa kile kigauni. Akakitandaza juu ya meza ya kukatia, akakinyoosha kwa viganja.

"Umetunga vizuri," akasema. "Umekosea mahali pamoja tu."

"Wapi?"

"Hakuna msafiri. Sikumpa mgeni."

Juu, mashine ya meno ilinyamaza. Nilisikia mgonjwa akitema maji.

"Kaka yangu na mke wake walikaa miaka minane bila mtoto," shangazi akasema. "Basi lenyewe lilikuwepo. Lakini lilikuwa la kunileta mimi huku, peke yangu."

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, ujumbe unangoja. Nilikuwa siisikii simu, wala mkono.

Akafungua droo. Akatoa kikaratasi cheupe, kile kile anachokifunga kwenye nguo za watu, na penseli yake fupi. Akavisukuma mbele yangu.

"Kimekaa miaka ishirini na sita bila jina la mwenyewe," akasema. "Mimi nimeshindwa. Andika wewe."